Makombe ya bahari kwenye firigisi ya kuku wa Singida

Jua likianza kulegea, kuku anayetaga hubadilisha njia. Mchana kutwa amekuwa akiparua chini ya mwarobaini, akigombea punje za mtama na wenzake, akikimbilia ukutani kila mwewe anapopita. Ikikaribia saa kumi na moja jioni anaelekea moja kwa moja kwenye kisahani cha plastiki ambacho asubuhi alikipita bila kukitazama. Ndani hamna pumba wala mashudu ya alizeti. Kuna vipande vigumu, vyeupe na vya waridi, vikubwa kidogo kuliko chenga za mchele, na baadhi yake bado vinaonyesha mistari ya ukuaji ya kiumbe aliyeishi baharini. Ni makombe yaliyopondwa. Kuku anadonoa, anameza, anainua shingo, anadonoa tena. Jogoo anapita kando ya kisahani hichohicho, wala hainami.

Haya nimeyaona pembezoni mwa mji wa Singida, kwa mama mmoja mfugaji ambaye hakutaka jina lake liandikwe gazetini, na tangu siku hiyo hayajanitoka kichwani. Kutoka pwani ya Dar es Salaam hadi hapa ni karibu kilomita 700 za lami. Mkoa huu tunaujua kwa alizeti, vitunguu, asali, na kuku wa kienyeji wanaopakiwa kwenye matenga kwenda kuuzwa miji mikubwa. Bahari haimo kwenye orodha hiyo. Lakini kila jioni, uani kwa mama huyu, bahari inaliwa.

Wafugaji wengi hawatumii makombe. Hutumia chokaa ya mifugo, ule unga mweupe unaochanganywa kwenye chakula, au mifupa iliyochomwa na kusagwa. Mama huyu ana vyote viwili dukani kwa jirani yake, na bado huagiza makombe yanapopatikana. Nilimuuliza kwa nini ahangaike.

“Chokaa ya unga ukishaichanganya, mwanangu, wanaila wote,” alisema. “Anaila anayetaga, anaila jogoo, anaila na mtetea mdogo ambaye figo zake hazijakomaa. Makombe naweka pembeni. Anakula mwenye shida nayo.”

Anajuaje kuku kwamba ana shida? Alinitazama kwa upole, kama mtu aliyeulizwa mtoto anajuaje kunyonya. “Leo ana yai tumboni, anakwenda. Akiacha kutaga, hakitazami tena. Mimi sijamfundisha.”

Wataalamu wa lishe ya kuku wanakubaliana naye: kuku wa mayai ana hamu maalumu ya kalsiamu, na hamu hiyo hupanda jioni. Sababu iko kwenye saa za mwili wake. Yai hukaa kwenye tezi ya ganda kwa takriban saa 20, na sehemu kubwa ya ganda hujengwa usiku. Ganda la yai la kawaida lina gramu tano hadi sita, na ndani yake karibu gramu mbili ni kalsiamu tupu. Gramu hizo zinahitajika wakati kuku amelala kwenye fito, gizani, hali chochote. Asipokuwa na akiba tumboni ataichomoa kwenye mifupa yake mwenyewe, na akiendelea hivyo siku nyingi atachechemea.

Hapo ndipo ukubwa wa kipande unapokuwa na maana. Unga wa chokaa hupita tumboni haraka; usiku wa manane umeshakwisha. Kipande cha kombe hunaswa kwenye firigisi, kikasagwa na kuyeyuka taratibu mpaka alfajiri. Mama huyu hakuyasoma mahali. Aliyaona kwa kisu. Kila anapochinja kuku wa mayai asubuhi na mapema huipasua firigisi, huisafisha, na kuangalia kilichobaki. Alinionyesha vipande alivyovihifadhi kwenye kikopo cha dawa. Vilivyokuwa na ncha kali dukani vilikuwa vimeviringika na kulainika, vyembamba kuliko ukucha, na mistari ya bahari imefutika.

“Hiki kingeisha kabla ya saa nne,” alisema, akiweka kipande kimoja kiganjani mwangu. “Alikuwa ameshamaliza kazi yake.”

Kilichokifanya kiyeyuke ni asidi. Chakula cha kuku hupita kwanza kwenye sehemu ya tumbo inayotoa asidi kali, ndipo kiingie kwenye firigisi na kusagwa pamoja nayo. Ganda la kombe na ganda la yai ni kitu kimoja kwa asili: kalsiamu kaboneti, ile ile iliyomo kwenye matumbawe, kwenye jiwe la chokaa la Wazo, na kwenye kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kwa hiyo jioni asidi hulibomoa ganda lililojengwa baharini, na kabla ya jogoo kuwika kuku ameshalijenga upya kulizunguka yai.

Ukitaka kuiona kazi hiyo kwa macho, kamua ndimu juu ya ganda la yai. Tulifanya hivyo mezani kwake. Tone likatua, likatulia kidogo, kisha viputo vidogo vikaanza kupanda, vikawa povu. Tukakamua jingine juu ya kipande cha kombe. Povu likaja lilelile, ila polepole. Vile viputo ni hewa ukaa, gesi tunayoitoa puani na inayotoka kwenye bomba la moshi la basi. Ilikuwa imefungwa ndani ya ganda. Asidi imeifungulia mlango.

Hadi hapo ningeweza kuandika makala ya ufugaji na kuishia hapo. Lakini mama huyu alikuwa na kisa kingine, na ndicho kilichonitoa Singida na kunipeleka baharini.

Joto la hapa hupamba moto mwezi Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijashuka. Kuku hana tezi za jasho. Hujipoza kwa kuhema, mdomo wazi, mabawa yameachana na mbavu. Miezi hiyo mayai ya mama huyu yalikuwa yakitoka na ganda jembamba. Mengine yalibonyea yakishikwa, mengine yalivunjikia kwenye trei kabla hayajafika sokoni.

“Nilimlaumu muuza chakula,” alisema. “Nikahama duka. Nikaongeza chokaa, nikaongeza tena, mpaka kuku wakaanza kukisusia chakula. Mayai yakaendelea kuvunjika. Nikajiuliza, kalsiamu si hii hapa imejaa? Inakwenda wapi?”

Haikwenda popote. Ganda linataka vitu viwili: kalsiamu, na kaboneti ya kushikana nayo. Kaboneti hiyo kuku haipati kwenye chakula. Huitengeneza mwilini kutokana na hewa ukaa iliyomo kwenye damu. Anapohema kwa nguvu saa nyingi huitoa gesi hiyo kupita kiasi, damu ikaegemea upande wa alikali, na kaboneti ya kujengea ganda ikapungua. Kumwongezea chokaa kuku anayehema ni kuongeza unga kwenye sufuria isiyo na maji: ugali hausongeki.

Katikati ya miaka ya 1980 watafiti wa Marekani waliwapa kuku waliokuwa kwenye joto kali maji yaliyotiwa gesi, yale ya viputo kama ya soda, na ganda la mayai likaimarika. Dawa ya mama huyu ilikuwa rahisi zaidi. Alipandisha paa la banda, akaweka maji kwenye mitungi ya udongo iliyo kivulini, akaacha kulisha mchana na kuhamishia chakula alfajiri na jioni. Kuku wakapunguza kuhema na ganda likarudi. Chokaa aliirudisha kwenye kipimo cha zamani.

Kanuni hiyo ya vitu viwili ndiyo inayoitesa bahari leo, ila kwa upande wa pili.

Maji ya bahari hayana njaa ya kalsiamu. Kila lita ina takriban miligramu 400, na kiasi hicho hakijapungua. Kinachopungua ni mwenzake. Tangu viwanda vya makaa ya mawe vilipoanza kazi Ulaya, hewa ukaa angani imepanda kutoka sehemu 280 kwa kila milioni hadi zaidi ya 420, na karibu robo ya kile binadamu anachokitoa humezwa na bahari. Gesi hiyo ikiyeyuka majini hutengeneza asidi dhaifu, na asidi hiyo huikamata kaboneti na kuigeuza baikaboneti, ambayo kombe, chaza na tumbawe hawawezi kuitumia kwa urahisi huohuo. Kipimo cha pH cha maji ya juu ya bahari kimeshuka kutoka karibu 8.2 hadi karibu 8.1. Tarakimu hiyo inaonekana ndogo, lakini kwa jinsi kipimo hiki kinavyohesabiwa, kushuka kwa 0.1 ni ongezeko la robo nzima ya chembe za haidrojeni, zile zinazofanya asidi iwe asidi.

Bahari haijawa ndimu, wala haitakuwa. Ingali upande wa alikali, na makombe ya Bagamoyo hayatoi povu. Maji yetu ya joto yana kaboneti nyingi kuliko maji baridi ya kaskazini na kusini, na kwa matumbawe ya pwani yetu joto lenyewe ndilo linaloua haraka zaidi kwa sasa. Kinachobadilika ni gharama. Kiumbe anayejenga ganda hutumia nguvu zaidi kupata kaboneti ileile, na nguvu hizo anazitoa kwenye kukua, kuzaa na kupambana na maradhi. Anayeumia kwanza ni mchanga. Chaza aliyetoka kuanguliwa hujenga ganda lake la kwanza ndani ya siku moja au mbili, kwa akiba ndogo aliyotoka nayo kwenye yai, na hulijenga kwa aina ya kalsiamu kaboneti inayoyeyuka upesi kuliko ile ya ganda la utu uzima. Akichelewa, akiba inakwisha kabla hajaanza kula.

Nilimsimulia mama huyu kisa cha Oregon, pwani ya magharibi ya Marekani, kwa sababu kinafanana na chake hatua kwa hatua. Kwenye ghuba ya Netarts kuna kituo cha kutotolesha chaza kiitwacho Whiskey Creek. Mwaka 2007 vichanga vya chaza vilianza kufa kwa mamilioni. Wenyewe walilaumu bakteria, wakanunua mitambo ya kusafisha maji, na vifo vikaendelea. Ndipo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon wakapima maji yenyewe, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012: upepo ulipoyavuta maji ya kina kirefu, yaliyojaa hewa ukaa, hadi ghubani, vichanga vilishindwa kukua. Kituo kikachukua hatua mbili. Kilianza kutia magadi ya kiwandani kwenye matangi, ili kurudisha kaboneti. Na kikaanza kuvuta maji alasiri badala ya asubuhi, kwa sababu kufikia saa hizo majani na mwani wa ghuba huwa vimeshaivuta sehemu ya hewa ukaa kwa nguvu ya jua.

Alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini. Kisha akauliza: “Kwa hiyo kuku wangu anataka soda, na bahari inaikataa?”

Ndivyo. Kuku anayehema amepungukiwa na gesi ileile ambayo bahari imezidishiwa, na wote wawili wanaishia na ganda jembamba huku kalsiamu ipo tele. Kalsiamu pekee haijengi chochote. Somo hilo lipo hata katika nchi kavu ya Bonde la Ufa. Kwenye maziwa ya magadi kama Natron, ambako pH huweza kupita 10, kaboneti imejaa kiasi kwamba kalsiamu yoyote inayoletwa na mito huganda mapema na kuzama ikiwa chokaa. Huko kaboneti ndiyo iliyobaki bila mwenzake. Bahari ilikaa miaka mingi mahali pazuri katikati ya hali hizi mbili, na sisi ndio tunaoisogeza.

Nilipotaka kujua kama pwani yetu ina kinga yake, nilikuta utafiti uliofanyika Ghuba ya Chwaka, mashariki mwa Unguja. Sware Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake Sven Beer na Mats Björk waliuchapisha mwaka 2009. Waliweka mwani wenye chokaa pamoja na majani bahari, yale majani mabichi yanayofunika mchanga maji yakipwa, wakaacha jua lifanye kazi. Ndani ya saa chache majani yalivuta hewa ukaa kutoka majini na pH ikapanda. Mwani ukaongeza kasi ya kujenga chokaa. Kwa aina moja kasi hiyo ilipanda zaidi ya mara tano. Usiku majani nayo hupumua na kuirudisha sehemu ya gesi majini, kwa hiyo hii si tiba ya bahari nzima. Lakini kwa kombe na chaza wanaoishi katikati ya majani hayo, saa za mchana ni saa za nafuu.

Majani hayohayo ndiyo tunayoyang'oa. Nyavu za kukokota huyapura chini, na wakulima wa mwani wamekuwa wakiyafyeka ili kupata nafasi ya kamba zao. Mtu anayevuta kokoro juu ya majani bahari anaviharibia vichanga vya makombe maji yao ya mchana, na hakuna mkutano wa dunia unaohitajika ili kumzuia. Hilo liko mikononi mwa kamati za ufukwe na wizara zetu.

Wanaoishi kwa makombe haya ni wanawake kwa sehemu kubwa. Bweleo na Fumba, kusini magharibi mwa Unguja, wanawake waliokuwa wakiokota makombe maji yakipwa walijifunza, tangu miaka ya 2000 na kwa msaada wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar, kufuga chaza wa lulu na kutenga maeneo yasiyookotwa ili makombe yazaane. Mikono yao na mikono ya mama huyu wa Singida inashika kitu kimoja, na hawajawahi kukutana. Gunia la makombe linapopanda gari kuja bara halina karatasi inayosema limetoka ufukwe gani, nani aliyaokota, wala kama yaliokotwa yakiwa matupu au yakiwa na nyama hai ndani. Muuzaji wa hapa alichoweza kusema ni kwamba yanatoka Dar. Tunapaswa kudai zaidi ya hapo. Makombe yaliyokufa yakasukumwa ufukweni ni jambo moja; kombe hai aliyeuawa ili apondwe ni jambo jingine, hasa wakati huu ambapo kumjenga mwingine kunazidi kuwa ghali.

Mama huyu alitaka kujua nani anapima. Akasema yeye asingepasua firigisi asingejua kitu, je, bahari inapasuliwa na nani? Wapo. Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa yana kifungu chake, namba 14.3, kinachozitaka nchi zipunguze athari za asidi baharini na zipime. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yenye makao yake Zanzibar, imekuwa ikisaidia watafiti wa nchi za ukanda huu kufanya vipimo hivyo, Tanzania ikiwemo. Lakini kipimo kina thamani kikirudiwa mahali palepale, msimu kwa msimu, kwa miaka, na kazi ya namna hiyo hufa pale fedha za mradi zinapokwisha. Serikali inayoweka fedha kwenye uchumi wa buluu iweke pia mshahara wa mtu wa kuchota maji Chwaka kila mwezi, hata mwaka ambao hakuna mfadhili.

Swali lake jingine sikuliweza, na sidhani kama lina jibu la haki. Alisema kwake umeme hukatika, gari hana, jiko ni la mkaa na huuwasha mara mbili kwa siku. Moshi wa nani basi uliopunguza kaboneti ya makombe anayoyanunua? Na kama si wake, kwa nini bei ikipanda alipe yeye? Anaweza kurudi kwenye chokaa ya unga, na kuku wataendelea kutaga. Hilo analijua vizuri kuliko mimi. Mama wa Bweleo hana unga wa kurudia.

“Mimi nilihamisha saa za kulisha,” alisema. “Waliochoma makaa wanahamisha nini?”